"Umri umekwenda": kisa cha miezi 28 ya kutafuta mtoto

Siku anaingia ofisini kwangu alikuwa na miaka 41 na miezi 2, mumewe 47. Kwa miezi 28 walikuwa wanatafuta mtoto na hawakuwahi kuona mimba hata moja. Sijafungua hata faili, akaniambia, "Dada, najua umri umekwenda. Niambie tu kama kuna kilichobaki." Mumewe alikuwa amevuta kiti akakaa karibu na mlango, kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa.

Mimi ni muuguzi mshauri katika kliniki ya uzazi. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wote wawili, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wasitambulike. Nimekichagua kwa sababu kile kiti cha mlangoni nakiona mara nyingi mno, na kwa sababu humu ndani maneno mawili, "umri umekwenda", yalikula muda ambao hakuna dawa ya kuurudisha.

Faili walilokuja nalo

Walioana yeye akiwa na miaka 38. Mume alikuwa na binti wa miaka 15, aliyezaa na mwanamke mwingine kabla hawajajuana. Walijaribu wenyewe kwa miezi 14, kisha wakaenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Huko mama alipimwa AMH, homoni inayokisia wingi wa mayai yaliyobaki, ikatoka 0.6, yaani chini. Projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ilipimwa siku ya 21 ya mzunguko, nayo ikatoka chini. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mmoja wa sentimita 2 upande wa nje wa kizazi. Chini ya ukurasa pakaandikwa kwamba mayai yamepungua, hayapevuki, na sababu ni umri. Akapewa klomifeni, vidonge vya kupevusha mayai, kwa mizunguko sita. Vilimletea joto la ghafla usiku na kichwa kuuma, mimba haikuja. Mwisho akaambiwa aanze kufikiria mayai ya mwanamke mwingine.

Nilipekua faili lile mbele na nyuma nikitafuta kipimo cha manii. Hakikuwepo. Kwenye nafasi ya mume palikuwa na maneno mawili: "Ana mtoto."

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Utaratibu unajulikana: mwanamke wa chini ya miaka 35 anaweza kujaribu mwaka mzima kabla ya kuchunguzwa, wa 35 kwenda juu miezi 6, na aliyevuka 40 anachunguzwa mara moja. Wanaochunguzwa ni wawili, kwa wakati mmoja. Umri uliwekwa kwenye utaratibu huo ili watu waharakishe. Kwenye faili hili umri ndio uliowafanya waache kutafuta, maana jibu lilishapatikana, na jibu likishapatikana nani ataendelea kuuliza? Binti wa miaka 15 anathibitisha jambo moja tu, kwamba miaka kumi na sita iliyopita mbegu za baba yake zilikuwa nzima. Wenzi wanaochelewa kupata mtoto, karibu nusu yao kuna tatizo upande wa mwanamume, ama peke yake ama sambamba na la mwanamke.

Umri wenyewe

Sitaki nieleweke kwamba umri ni hadithi ya kutishana. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2, na anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja hupevuka, mengine hufa. Kufa huko huendelea hata mwanamke akiwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, hata akiwa mjamzito. Uwezo wa kushika mimba huanza kupungua taratibu kwenye miaka 32 hivi, na ukishapita 37 hushuka kwa kasi. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu ana nafasi ya karibu 1 kati ya 4 kila mwezi. Akifika 40 ni 1 kati ya 10, au pungufu ya hapo.

Kinachosumbua zaidi ya idadi ni hali ya yai lenyewe. Yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 41 lilianza kugawa kromosomu zake, nyuzi zinazobeba urithi, yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake, likasimama katikati ya kazi, likangoja. Katika miongo hiyo minne, protini zinazozishikanisha kromosomu hulegea. Siku yai linapoamka kumalizia kazi, kromosomu moja inaweza kwenda upande usio wake. Ndiyo sababu mimba nyingi za umri huu huharibika katika wiki za mwanzo, na ndiyo sababu uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down, inayotokana na kromosomu ya ziada, ambao kwa mama wa miaka 25 ni kama 1 kati ya 1,250, kwa mama wa miaka 40 hufika kama 1 kati ya 100.

AMH haioni lolote katika hayo. Inakisia mayai yaliyobaki ni mengi au machache, na hilo linamfaa daktari anayetaka kujua sindano za IVF (kutungisha mimba maabara) zitamletea mayai mangapi. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 waliokuwa wanajaribu kushika mimba bila historia ya ugumba. Wenye AMH ya chini hawakuachwa nyuma na wenzao. Kwa hiyo ile 0.6 niliiweka pembeni. Uvimbe nao niliuacha ulivyo, kwa sababu haukugusa chumba cha ndani ambamo mimba hujishika. Kipimo cha mirija, alichofanyiwa siku chache baada ya damu kukatika, kilionyesha mirija yote miwili iko wazi.

Daftari

Nilimuuliza kama anaandika siku zake. Akatoa kwenye mkoba daftari dogo lililochakaa kona. Duara jekundu lilikuwa siku ya kwanza ya hedhi, nukta za bluu usiku waliokutana. Miezi 28 yote ilikuwa humo, hakuna hata mmoja ulioruka. Tulihesabu pamoja, yeye kwa kidole, mimi kwa kalamu.

Mwaka wa kwanza mizunguko ilikuwa ya siku 28, 27, 28, 27. Kisha 26. Miezi kumi ya mwisho ilikuwa 25, 24, 24, 25, 24. Nukta za bluu hazikuhama: siku ya 13, ya 14 na ya 15, kila mwezi, kama saa. Mtu aliwaambia yai hutoka siku ya 14, na kwamba mume "ajitunze" siku nyingine zote ili mbegu ziwe na nguvu.

Kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata ni kama siku 14, na sehemu hiyo haibadiliki sana. Kinachofupika mwanamke anapokaribia miaka ya mwisho ya uzazi ni sehemu ya kwanza, kwa kuwa ubongo huanza kusukuma mayai mapema zaidi. Mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu siku ya 10. Yai huishi saa 24 kwa wingi wake. Nukta ya kwanza ya bluu ilikuwa inawekwa siku tatu baada ya yai kutoka, likiwa limeshakufa.

Mbegu za kiume ndizo zinazoweza kungoja, hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, kwa hiyo siku zinazofaa ni tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Nimewahi kujiuliza kama jina tulilozipa siku hizo limechangia. Tunaziita "siku za hatari". Wengi tulifundishwa kuzihesabu ili tuzikimbie, na mwanamke anapofika mahali pa kuzitafuta anakuwa na hesabu ya kubahatisha aliyoisikia shuleni.

Kile kipimo cha projesteroni nacho kiliangukia kwenye shimo hilohilo. Hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. "Siku ya 21" ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kwake yeye siku ya 21 homoni ilishaanza kuteremka, ikasomwa kama ushahidi kwamba mayai hayapevuki. Tulirudia siku ya 17, ikatoka 41, na kuanzia 30 tunahesabu kwamba yai limetoka. Alikunywa dawa ya kupevusha mayai miezi sita wakati mayai yalikuwa yanapevuka yenyewe.

Alilia pale mezani, kilio cha mtu aliyepumua. Nami nikaona nimepata jibu. Nusura niwarudishe nyumbani na kalenda mpya na miezi mitatu ya kujaribu. Kilichonizuia ni fomu ya mume, iliyokuwa bado tupu mbele yangu.

Sindano

"Kaka, unatumia dawa yoyote?"

"Hapana, mimi mzima."

"Nyongeza? Vidonge vya mazoezi? Sindano?"

Akanyamaza kidogo. "Ile siyo dawa. Ni ya kuongeza nguvu tu."

Miaka mitatu iliyopita alikuwa anachoka, hamu imepungua, akapimwa akaambiwa homoni yake iko chini kidogo. Tangu hapo anachomwa testosteroni kila wiki tatu. Alijisikia kijana. Mkewe alijua na alifurahi. Hakuna aliyemuuliza kama anatafuta mtoto, naye hakuona kwa nini aseme.

Manii yake yalipimwa siku tatu baadaye. Kiwango cha chini anachokitumia mpimaji, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Yeye alikuwa na 0.4. Tulirudia baada ya wiki chache, hali ikawa ileile. Homoni za ubongo zinazoamrisha korodani, LH na FSH, zilikuwa karibu na sifuri, na hilo lilifunga mjadala.

Nilimweleza hivi. Korodani hutengeneza testosteroni yake hapohapo ilipo, kwa wingi unaozidi wa kwenye damu mara nyingi sana, na mbegu hukulia humo. Ukiichoma kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa, unaacha kuamrisha. Kiwanda cha ndani kinazimika na mbegu zinakosa mahali pa kukua, huku mwenyewe anajisikia imara kuliko zamani. Mwaka 1990, na tena 1996, Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio ambayo wanaume walichomwa testosteroni kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango, na kwa wengi ilifanya kazi.

Alinitazama. "Yaani nilikuwa kwenye uzazi wa mpango?"

"Ndiyo, kaka. Miaka yote mitatu."

Mkewe hakusema kitu. Alifunga daftari, akaliweka mkobani. Nilitaka sana kumwambia asimlaumu, lakini sikuwa na haki hiyo. Alikuwa amebeba lawama peke yake miezi 28, mbele ya ndugu na mbele ya nafsi yake, na alihitaji kukaa na habari ile kwanza.

Kusubiri, au kutosubiri

Aliacha sindano siku hiyohiyo, kwa usimamizi wa daktari. Akaanzishiwa matibabu ya kuiamsha korodani, maana kuacha ghafla bila msaada humwacha mwanamume mchovu na mwenye huzuni kwa wiki nyingi. Wanaume waliokuwa kwenye majaribio ya aina ile ya uzazi wa mpango, karibu theluthi mbili yao walirudi kwenye mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6, na asilimia 90 ndani ya mwaka. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, hakuna njia ya mkato hapo. Mwenye umri mkubwa, na aliyezitumia muda mrefu, huchelewa.

Kwa mume wa mwanamke wa miaka 30 ningesema subirini. Hapa kila mwezi wa kusubiri mbegu ulikuwa unatoka kwenye hesabu ya mayai. Njia nyingine ilikuwa ICSI, ambapo mbegu moja inachukuliwa na kuingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 1992 kwa kazi ya madaktari wa Brussels, na mbegu milioni 0.4 kwa mililita zinatosha kabisa. Lakini ICSI hutatua tatizo la mbegu. Yai la miaka 41 linaingia maabara na miaka yake yote.

Waliamua kufanya yote mawili: ICSI mara moja sasa, na huku mbegu zikirudi. Niliunga mkono uamuzi huo na bado nauunga. Yalipatikana mayai manne, matatu yamekomaa, mawili yakarutubika, kiinitete kimoja kikafika siku ya kurudishwa. Hakikushika.

Katika wiki zilezile tuligundua jambo ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: mke alikuwa anakunywa enalapril kwa ajili ya presha. Dawa za kundi hilo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke anayetafuta mimba anatakiwa abadilishiwe mapema. Akahamishiwa dawa nyingine, akaanza na folik asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Anayetafuta mtoto kwa umri huu mara nyingi anakuja na dawa zake za siku zote, na hazitaji kwa sababu ameshazizoea.

Mwezi wa sita tangu sindano ya mwisho mbegu zilifika milioni 11. Mwezi wa tisa, 22. Kalenda ilishabadilika: wanakutana siku moja ndiyo siku moja hapana kuanzia siku ya 6 hadi ya 11. Vijiti vya mkojo vya LH, vinavyoonyesha yai liko karibu kutoka, mke alivitumia miezi miwili tu kuhakikisha hesabu, kisha nikamshauri aviache, kwa kuwa kila asubuhi ilikuwa inaanza na mtihani. Ute unaovutika kama ute wa yai la kuku ulimtosha.

Wiki ya 8

Mwezi wa kumi alikosa siku zake. Alikuwa ametimiza 42. Wiki ya 6 tuliona mapigo ya moyo kwenye skrini. Wiki ya 8 hayakuwepo.

Alipokuja baada ya kusafishwa alikuwa na orodha. Alinyanyua ndoo. Alipanda ngazi. Alikasirika na mdogo wake kwenye simu. Alilala ubavu wa kulia. Aliisoma yote bila kuinua macho, na nilimwacha amalize.

Tulikuwa tumepeleka sehemu ya mimba maabara. Jibu lilikuja na kromosomu tatu za namba 16 badala ya mbili, hitilafu ya aina hiyo inayoonekana mara nyingi kuliko zote kwenye mimba zilizoharibika, na mimba yenye kromosomu hiyo ya ziada katika seli zote haifiki kuzaliwa. Ilishaamuliwa yai lilipokuwa linamalizia mgawanyiko wake, kabla mimba haijatungwa, kabla ya ndoo na ngazi. Nilimwonyesha karatasi yenyewe. Alichukua kalamu yangu, akaikata orodha yake mstari kwa mstari.

Hapa umri ulikuwa na hatia ya kweli. Nilimwambia hivyo bila kuzungusha maneno. Alikuwa na miaka 40 siku faili lile lilipofunguliwa, na kama kipimo cha manii kingefanyika wiki hiyo, hakuna anayeweza kuahidi kwamba angezaa. Ila mizunguko mingi iliyopita patupu ingekuwa na mbegu ndani yake, na mayai yake yangekuwa machanga kwa miaka miwili.

Walipo sasa

Ana miaka 42 na miezi 7. Baada ya mimba ile walijiwekea mizunguko sita ya kujaribu wenyewe, tumeandika hata tarehe ya mwisho, na sasa wako kwenye wa nne. Nilisisitiza tarehe hiyo. Nimeona wanawake wakimaliza miaka mitano kwa kusema "mwezi mmoja tu mwingine".

Swali la mayai ya kupewa limerudi mezani, safari hii wakijua wanachokijadili. Nafasi ya mimba hapo hufuata umri wa aliyetoa yai, kwa kuwa kizazi hakichakai kwa kasi ya mayai. Upande wa pili, mimba za namna hiyo zina hatari kubwa zaidi ya presha, na yeye tayari ana presha. Hayo niliyaeleza kwa urahisi. Mkutano uliopita aliniuliza lililo gumu.

"Dada, yai likiwa la mwingine, mtoto ataniita mama kwa haki gani?"

Kabla sijajibu, mumewe akasema, "Binti yangu anakuita mama. Hukumzaa, hukumnyonyesha." Siku hizi kiti chake kiko kando ya cha mkewe, sikumbuki ni lini alikihamisha.

Alifikiri sana. "Yule alikuja anajua mimi si mama yake," akasema. "Huyu nitamwambia lini?"

Tulizungumza saa nzima juu ya hilo: kumwambia mtoto mapema, kwa maneno ya umri wake, na nani wengine wajue. Hawakuamua. Sikutaka waamue siku ile.

Mzunguko wa mwezi huu ulianza Jumanne. Siku ya 6 ni Jumapili.